Mfungo wa Bi Kamba

Paukwa, jamani!

Pakawa, bibi, tuko macho!

Nikiwapa mtapokea?

Tutapokea kwa mikono miwili!

Haya basi. Hapo zamani za kale, nyuma ya mashamba ya mpunga, palikuwa na dimbwi. Ndani yake waliishi wadogo wa majini: Konokono, Dagaa, Chura na wanawe viluwiluwi saba, na Bi Kamba. Msicheke huko nyuma, si kamba ya kufungia mbuzi. Ni kamba wa majini, mwenye ndevu ndefu na koleo mbili, na mwili unaoonyesha hadi ndani kama kioo. Alichokula kilionekana tumboni.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kabla ya kiangazi, wote walikwangua ukoga wa kijani kwenye mawe, wakaurundika chini ya jiwe bapa. Ndicho kilichokuwa chakula chao mpaka mvua zirudi. Kulinda akapewa Bi Kamba, kwa sababu ya zile koleo, na kwa sababu walimwamini.

Kiangazi kimoja ukaingia ugonjwa. Mgonjwa aliota manyoya meupe mwilini kama pamba, na aliyemgusa naye akaota. Bi Kamba akalitazama rundo la ukoga, akaingiwa na hofu. "Wakija wote hawa, mimi nitakula nini?"

Wa kwanza kuja alikuwa Konokono.

"Hodi, Bi Kamba. Nimeota pamba mguuni. Nipe ukoga kidogo nipate nguvu."

Uongo ukamtoka Bi Kamba kabla hajaufikiria. "Pole, ndugu yangu. Lakini kinachokuuma kinakula unachokula wewe. Funga mdomo, kitakufa na njaa. Hata mimi nimefunga."

"Ahsante, dada," akasema Konokono, akaenda zake polepole.

Ahsante ile ilimkaa vibaya. Lakini njaa ilipomuuma alikula, na tumboni pakatokea mstari wa kijani, mrefu, unaong'aa. Akajifunika jani bovu hadi shingoni. Walipomuuliza, akasema anaona baridi. Baridi gani hiyo ya kiangazi, jamani!

Wa pili akaja Dagaa. "Hodi, Bi Kamba. Nimeota pamba mkiani. Nipe ukoga kidogo nipate nguvu."

"Pole, ndugu yangu. Kinachokuuma kinakula unachokula wewe. Funga mdomo, kitakufa na njaa. Hata mimi nimefunga."

Mara hii uongo ulitoka kwa urahisi zaidi. Dagaa akashukuru, na kwa kuwa Dagaa hajui kunyamaza, akalitangazia dimbwi zima. Wote wakafunga, wagonjwa na wazima.

Siku ya tatu Konokono akafa, likabaki gamba tupu. Siku ya tano Dagaa akaelea ubavu juu, amekufa. Waliokuwa wazima wakadhoofika, na pamba ikawapata kirahisi. Bi Kamba peke yake hakuota hata unyoya mmoja, maana yeye alikuwa akishiba.

Watu wa dimbwi wakasema, "Mwoneni Bi Kamba! Huyo ndiye amefunga kweli kweli. Hana hata doa!"

Kila walipomsifu alijikunyata ndani ya jani lake. Aliona aibu, tena aibu ya kuchoma. Na bado alikula.

Wa tatu akaja Chura. Mgongoni alibeba kiluwiluwi mmoja tu, na pamba ilikuwa imemfika mtoto huyo shingoni.

"Sikuja kuomba chakula, dada," akasema Chura. "Nimekuja unifundishe. Wanangu sita wamekufa, na kosa ni langu. Yule mkubwa alilia, nikamwonea huruma, nikampa kipande cha jani. Nimeuharibu mfungo. Huyu wa mwisho sijampa kitu siku nne. Wewe unawezaje kufunga hivi?"

"Mama, nina njaa," akasema kiluwiluwi.

"Nyamaza, mwanangu. Bi Kamba naye ana njaa."

Bi Kamba akafungua kinywa aseme yale maneno mara ya tatu. Hayakutoka. Akamtazama yule mtoto, akamtazama mama anayejilaumu kwa kipande cha jani. Akalivua jani lake, akalitupa.

Mstari wa kijani ukaonekana, na dimbwi zima likauona.

"Nilikuwa nakula," akasema. "Kila siku."

"Na wanangu?" akauliza Chura.

Bi Kamba akaliendea lile jiwe bapa. Akalifunua jiwe, akachota ukoga kwa koleo zake, akamsogelea mtoto ili amlishe. Chura akamzuia.

"Weka chini. Nitamlisha mwenyewe."

Mtoto akala kidogo. Kesho yake akala zaidi. Siku ya saba alikuwa na nguvu ya kupiga mkia, na pamba ikaanza kumbanduka. Wengine waliolishwa walipona pia. Wengine walikuwa wamechelewa, wakafa chakula kikiwa mdomoni.

Bi Kamba akamwendea Chura, akainamisha ndevu zake. "Nipige, dada. Nipige mbele ya watu wote."

Chura akasema, "Nikikupiga utapata nafuu. Sitaki upate nafuu."

Hakupigwa wala hakufukuzwa. Aliachwa aishi nao, awe anakutana na Chura kila asubuhi. Ndiyo maana mpaka leo, ukimtazama kamba usoni, hupiga mkia akarudi nyuma kinyumenyume. Hawezi kutazamwa.

Basi, wanangu, mgonjwa mpeni chakula. Mwili wenye njaa hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa, na ukishamshinda mmoja wenu unakwenda kwa jirani. Na wewe uliyeshiba, usimfundishe mwenye njaa kufunga.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Iliyowaingia nendeni nayo nyumbani, na iliyowachoma msinirudishie mimi.