Suruali ya Kwanza ya Ambrose

Wahenga walipotaka kumwonya mchelewaji, hawakumtisha kwa fimbo; walimtisha kwa mtoto wake mwenyewe. Bibi Philippa Thorold hakuwahi kuonywa hivyo, na hata angeonywa angecheka.

Alikuwa na mwana mmoja tu, Ambrose, wa miaka minne, mboni ya jicho lake. Lakini kiangazi kilipoingia, watu wa tabaka lake walifunga nyumba na kusafiri, naye aliona aibu kubaki kwao Shropshire, Uingereza, kama kuku anayeatamia. Mtoto akapelekwa kwa dada ya mumewe, wifi yake Lavinia Crewe, mke wa tajiri mwenye mashamba yasiyo na mrithi. Philippa na mumewe, Septimus, wakashika njia ya Uswisi.

“Mwezi wa nane tutakuwa nyumbani,” Philippa alimwahidi wifi yake.

Mwezi wa nane ulimkuta bado ziwani Geneva.

“Turudi, mke wangu,” Septimus alimsihi. “Mtoto atatusahau.”

“Mtoto gani amsahau mamaye? Wewe nawe! Tuone Italia kwanza. Wakituuliza tumeona nini, tuwasimulie ng’ombe wa Uswisi?”

Wakaona Italia. Kisha mvua ikawa kisingizio, kisha dansi za Florence. Habari zilipofika kwamba Ambrose ana kifaduro, Septimus alirudi peke yake. Philippa alisema wifi anajua kuuguza kuliko yeye, akaagiza gauni jipya.

Alirejea mwaka uliofuata, miti ilipoanza kuchipua. Alimkuta mwanawe ukumbini kwa Lavinia, moyo ukamlipuka. Alikuwa amemwacha amevaa gauni, na nywele ndefu, kama walivyokuwa wavulana wadogo wote wa kwao. Sasa alikuwa ndani ya suruali, kichwa kimepunguzwa nywele. Na kwao siku ya suruali ya kwanza ni siku ya mama: yeye ndiye humvisha mwanawe, na nywele zile huzitunza yeye.

“Ambrose! Njoo kwa mama!”

Mtoto alijificha nyuma ya Lavinia. “Mama, huyu mgeni anataka nini?”

“Wifi, umenifanyia nini?” Philippa alilia.

“Mimi? Alipougua nilikuita, hukuja. Suruali ilikungoja wewe, wifi yangu, hata ikaanza kumbana.”

Septimus, aliyekuja na mkewe, alikohoa. “Nimekwisha kubali, Philippa. Atabaki hapa awe mrithi wao, achukue jina la Crewe.”

“Bila kuniuliza?”

“Sheria hainilazimishi kukuuliza. Na wewe kule Florence ulimuuliza nani?”

Ni kweli, katika nchi ile mtoto alikuwa wa baba, na mama hakuwa na pa kushtaki. Philippa alipiga magoti mbele ya watumishi, akaapa kutosafiri tena maisha yake yote. Ambrose akaingiwa na hofu, akaangua kilio, akaomba mgeni aondolewe.

Akaondolewa. Ndani ya gari la farasi alilia mpaka sauti ikamkauka, na Septimus, aliyeketi kando yake, hakumshika hata mkono. Philippa hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.