Machozi ya Bibi Gertraud

Hapo zamani, wakati watu wa Ulaya walipokuwa wakichomana moto kwa tuhuma za uchawi, palikuwa na mji wa Wajerumani uitwao Dunkelbach, na mtawala wake akiitwa Ruprecht. Ikawa bia ya ngomeni imechacha, na lawama zikamwangukia mkunga wa mji, kikongwe Gertraud Fessler, ambaye majirani walimwita Bibi Traudl.

Basi akaletwa barazani, na kuni zimekwisha kupangwa uani. Mtawala akasema, "Sheria yajulikana: mchawi hana machozi. Lia, nikuachilie."

Bibi akajibu, "Bwana wangu, nimemzika mume, nimewazika na wanangu wote. Machozi yangu yaliishia huko."

"Basi utachomwa."

Hapo akasimama Veit Humpel, fukara aliyeziba masufuria ya watu kwa ujira wa mkate, ambaye mji mzima ulimdhania punguani. Akasema, "Bwana wangu, mimi mjinga nauliza. Sheria hii ni ya vikongwe tu, au ya kila mtu?"

"Ya kila mtu, baradhuli wee!"

"Basi tuonyeshe wewe kwanza aliavyo mtu asiye mchawi, Bibi apate kuiga."

Watu wote wakamgeukia Mtawala, naye akaona haya kukataa. Akakunja uso, hola, hata tone halikutoka. Akajifinya paja, akavimbisha mashavu, akajikamua na kuguna, akawa mwekundu kama kuku aliyekwamwa na yai.

Bibi Gertraud akajizuia, akashindwa. "Sukuma, mwanangu, sukuma!" akasema. "Hata mama yako siku ya kukuzaa hakuguna hivi!" Akaangua kicheko, akashika mbavu, na machozi yakamchuruzika hata kidevuni.

"Hayo ni ya kicheko!" akafoka Mtawala.

Veit akainama kwa adabu. "Sheria imetaja machozi, bwana wangu, haikutaja yatokako. Bibi ameyatoa. Na hawa wote wameyatoa," kwani baraza zima lilikuwa likijifuta macho. "Amebaki mkavu mmoja tu."

Askari wakamtazama Mtawala, kisha wakazitazama kuni. Naye akazitazama. Papo hapo machozi yakamtoka, manene, bila kujifinya.

"Hongera, bwana wangu," akasema Veit. "Hu mchawi."

Basi sheria ile ikafutwa siku iyo hiyo. Kuni akapewa Veit Humpel, akaota moto majira yote ya baridi, na Bibi Gertraud akawa akija jioni kuketi kando ya moto aliokusudiwa kutiwa ndani yake.