Mkono wa Mwisho Kwenye Rimu

Sogeeni, na masikio yasogee nanyi. Hadithi yangu ni fupi, lakini ina mwiba.

Katika shule moja ya milimani Usambara, Darasa la Tano, walikuwapo watoto watatu. Sikudhani alijaliwa uthubutu: alisema kwanza, akafikiri baadaye. Ngoda alijaliwa ubishi. Hata ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje kuhakikisha. Hawadhi alikuwa mzito wa hesabu, lakini alijaliwa kutochoka.

Kengele ya shule ilikuwa rimu kuukuu la lori. Kila Ijumaa Mwalimu Shekigenda aliandika hesabu ngumu ubaoni, na aliyeifumbua ndiye aliyepiga rimu watu waende nyumbani. Sikudhani hakuwahi kulipiga. Ng'ambo ya bonde, bibi yake aliusikia mlio akiwa shambani, na jioni alimuuliza, "Mjukuu wangu, leo ulikuwa wewe?" Jibu lilikuwa lile lile, nalo lilimuuma.

Ijumaa hii ilikuwa ya mwisho. Jumatatu ingefungwa kengele ya umeme.

Mwalimu akaandika: ukingo wa shamba una urefu wa mita ishirini. Tunapanda miti kila baada ya mita mbili, kuanzia ncha hii hadi ncha ile. Tunahitaji miche mingapi?

Darasa zima liliandika kumi, na darasa zima likajikausha. Sikudhani akainuka, akaandika kumi ubaoni.

"Sivyo," akasema Mwalimu.

Wakamcheka, huku kila mmoja akifunika kumi yake kwa kiganja. Sikudhani alitaka kufuta, Mwalimu akamzuia. "Darasani kwangu kosa halifutwi kabla halijatufundisha."

Uso ulimwaka kwa aibu, lakini hakurudi kukaa. "Basi nimekosea wapi, Mwalimu? Mbona ishirini ukigawanya kwa mbili ni kumi?"

Hapo ubishi wa Ngoda ukaamka. "Tujaribu mita mbili tu, tuseme ni dawati hili." Akasimamisha penseli mwanzo wa dawati, akasita, akasimamisha nyingine mwisho. "Jamani, mita mbili zinataka miche miwili, si mmoja. Basi mita ishirini ni miche ishirini."

"Sivyo," akasema Mwalimu, akaiandika ishirini kando ya kumi.

Hawadhi alikuwa keshapiga magoti sakafuni na kipande cha chaki. Mita nne, miche mitatu. Mita sita, akakosea, akaanza upya: minne. Wenzake wakaguna kwa kuwa muda wa kwenda nyumbani ulikaribia. "Ngojeni kwanza," akasema, akaendelea kuchora, na Sikudhani akajikuta amechuchumaa karibu naye.

"Kumi na moja," Hawadhi akasema hatimaye. "Nafasi ni zile kumi za Sikudhani. Mmoja wa ziada ni ule mche wa Ngoda wa mwanzoni."

Mwalimu akapiga makofi, na darasa likalipuka kwa shangwe. Sikudhani aliruka kwa furaha hata akasahau kuwa alikuwa amechekwa. Kisha wote wakatoka mbio hadi kwenye rimu, na ugomvi ukaanza.

"Jibu nimelitoa mimi," akasema Hawadhi, "magoti haya shahidi."

"Ungelitoa wapi, bila mche wangu?" Ngoda akabisha.

"Na nisingethubutu mimi," akasema Sikudhani, "mngekuwa mnafunika madaftari mpaka sasa."

"Tupige wote watatu," akapendekeza Ngoda.

"Rimu hupigwa kwa mkono mmoja," Mwalimu akajibu. Akanyoosha chuma cha kupigia rimu, akatazama huyu, akatazama yule.

Shule nzima imebeba mikoba, inangoja. Ng'ambo ya bonde bibi ameegemea jembe lake, ametega sikio. Mkono wa Sikudhani umeinuka nusu, ukabaki hapo hapo, kwa sababu anajua wenzake nao wanastahili.

Basi nami nimechoka kukishika chuma hiki. Kipokee wewe uliyesikiliza. Ungemkabidhi nani?