Mashimo Makavu ya Bi Mhanga

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani, ya wagonjwa? Rudieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa ndiyo. Watoto kaeni mbele. Na wewe Mwanatumu, uliyekuja likizo kutoka Chuo Kikuu, weka chini makaratasi yako usogee. Hadithi hii inakuhusu, usijifiche nyuma ya mlango.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ya wanyama wachimbaji. Nyegere alichimba. Fuko alichimba. Lakini hodari wao alikuwa Bi Mhanga, mwenye masikio marefu na kucha kama majembe. Akianza, paru! paru! paru! Ukipepesa jicho, keshazama.

Ngiri yeye hakuchimba. Ngiri alihamia. Unachimba nyumba yako, unatoka kutafuta riziki, ukirudi unamkuta Ngiri keshaingia kinyumenyume, meno yapo mlangoni.

"Hodi!"

"Hodi ya nini? Hapa kwangu!"

Hivyo ndivyo Bi Mhanga alivyonyang'anywa nyumba yake ya kwanza, kule kwenye kichuguu chekundu. Hakusahau. Masikio yale yalisikia mengi, na moyo ule ulisahau machache.

Sasa, wachimbaji wale walikuwa na desturi yao. Ukichimba kisima ukapata maji, unapiga ngoma na nchi nzima inajua. Ukichimba ukakosa, unafukia shimo haraka, unasawazisha kwa mkia, unapanda na majani juu. Na ukifukia unaimba polepole:

"Shimo kavu, aibu yangu,
fukia, fukia, asione mwenzangu."

Imbeni na nyinyi. Vizuri. Kumbe aibu mnaijua.

Basi ukaja ukame. Mvua ikagoma. Visima vikakauka kau. Likabaki bwawa moja, nalo lilikuwa tope zaidi kuliko maji. Wanyama wakakubaliana: bwawa likiisha, tunahama. Mto wa karibu ni mwendo wa siku saba.

Siku saba! Na Bi Mhanga alikuwa amejifungua juzi tu. Mtoto wake hata miguu haijamshika. Wenzake wakitazama bwawa waliona safari. Yeye aliona kaburi la mwanawe.

Akachimba. Paru! paru! paru! Kavu. Akafukia. Akachimba kwingine. Kavu. Akafukia. Mashimo manane, yote makavu. La tisa, akaingiza kucha, ardhi ikakubali. Laini! Moyo ukamruka. "Udongo laini, maji hayako mbali," akasema. Akachimba akishuka, akachimba akicheka, mpaka chini kabisa. Akakuta nini?

Ukucha. Ukucha uliovunjika, wa Nyegere.

Udongo ulikuwa laini kwa sababu Nyegere alishachimba hapohapo wiki iliyopita, akakosa, akafukia. Bi Mhanga akakaa chini ya shimo akalia. Siku nzima ya nguvu zake imekwenda kwa shimo la mtu mwingine.

Akaenda kwa Nyegere, ukucha mkononi.

"Nyegere! Huu wa nani?"

Nyegere akauficha mguu wake. "Siujui."

"Mbona unachechemea?"

"Nachechemea kwa maringo."

"Nyegere, mwanangu ana kiu!"

Nyegere ni mkali, simba mwenyewe anampisha njia. Lakini aliposikia habari ya mtoto, akainamisha kichwa. "Ni wangu, shoga. Na mimi jana nimechimba penye udongo laini kule bondeni. Nadhani lilikuwa lako."

Wakatazamana. Wakaenda pamoja kwa Bibi Nungunungu.

Bibi Nungunungu alikuwa na pango, na pango lile ndilo lililokuwa maktaba ya nchi. Kila kilichovumbuliwa alikiandika kwenye gome la mti kwa mwiba wa mgongo wake mwenyewe. Magome akayapanga ndani, kule mwisho. Kisha akakaa mlangoni, miiba imesimama, chakacha, chakacha.

"Nani hao? Sauti chini! Mikono safi?"

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Mikono?"

"Ina udongo, Bibi. Tunataka gome la mashimo makavu, tujue wapi tusichimbe."

Bibi Nungunungu akageuka akatazama magome yake. "Gome la mashimo makavu? Tangu babu yangu atunze pango hili, hakuna mnyama aliyeniletea. Ninayo magome mia ya visima vyenye maji. La shimo kavu, hata moja." Miiba yake ikalala, mmoja mmoja. "Nami sikuuliza. Nimekaa hapa nalinda mlango, huku nusu ya elimu imefukiwa huko nje. Ole wangu! Waiteni wachimbaji."

Wakaja. Bibi Nungunungu akafagia uwanja mbele ya pango, akachora nchi yote juu ya vumbi: hapa bwawa, hapa bonde, hapa kichuguu chekundu. Akaweka mafungu mawili ya vijiwe, vyeupe na vyeusi.

"Kila mmoja aseme mashimo yake makavu. Wapi, lini, kina gani, na udongo wa chini ulikuwaje. Kama ulikuwa moto, nitaweka cheupe. Kama ulikuwa baridi, dalili ya maji, nitaweka cheusi. Na kila apitaye ataona."

Kila mmoja anatazama kucha zake.

Bi Mhanga akamnong'oneza Bibi Nungunungu, "Nikisema, Ngiri atasikia. Aliniibia nyumba, ataniibia na kazi yangu."

Na kweli Ngiri alikuwepo. Siku zile alikuwa haketi na wenzake. Alisimama kando, matako ameyaelekeza juani.

"Mwanangu," Bibi Nungunungu akasema, "nyumba yako iliibiwa kwa sababu hapakuwa na aliyeandika kwamba ni yako. Nitaandika jina lako na siku. Maandishi ya mwiba wangu hayafutiki. Atakayeitumia kazi yako atasema: hii nimeipata kwa Bi Mhanga. Asiposema, gome litasema."

Bi Mhanga akamfikiria mwanawe. Akasimama katikati.

"Mashimo tisa. Yote makavu. La tatu, pale bondeni, udongo wake wa chini ulikuwa baridi."

Hakuna aliyecheka. Nyegere akasimama. "Mimi kumi na moja! La nne lilikuwa baridi, karibu na mwamba." Alilisema kwa kiburi kana kwamba ameshinda mashindano, na hapo ndipo watu walipocheka, kicheko kizuri. Baada ya hapo hawakuzuilika. Kumbe kila mmoja alikuwa na mzigo wake! Vijiwe vikamwagika, vyeupe pe.

Fuko akainua kidole. "Langu ni dogo. Urefu wa mkono tu. Nilihisi baridi nikaogopa, nikatoka."

"Hata dogo tunalitaka. Wapi?"

Akaonyesha. Bibi Nungunungu akaweka kijiwe cheusi cha tatu, kisha akarudi nyuma kutazama. Wote wakatazama. Vijiwe vyeusi vitatu, cha Bi Mhanga, cha Nyegere na cha Fuko, vimekaa mstari mmoja, vimenyooka kama kamba. Na mstari ule ukienda mbele unafika wapi?

Kichuguu chekundu. Nyumbani kwa Ngiri.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mimi sikuchimba!" Ngiri akaruka. "Sina shimo mimi!"

"Lakini unalala humo," Bi Mhanga akasema. "Pakoje?"

"Sisemi."

"Ngiri!"

"Mtanicheka."

"Mimi nimesema tisa mbele ya nchi nzima. Sema."

Ngiri akatazama mbingu, akatazama ardhi. Machozi yakamlengalenga, maskini. "Naingia kinyumenyume, mnajua. Na kila asubuhi naamka... nimelowa. Nyuma. Chapachapa. Nimekaa mwezi mzima nikidhani nimekuwa kikojozi. Mtu mzima, na meno haya!"

Fuko, ambaye macho hana lakini pua anayo, akamwendea taratibu akamnusa. Nchi nzima ikashika pumzi.

"Huu si mkojo," Fuko akasema. "Haya ni maji."

Lo! Walivyokimbia! Tuku tuku tuku! Ngiri mbele, mkia juu. Walipofika kwenye kichuguu akasimama mlangoni, kisha akapisha.

"Chimba, Bi Mhanga. Nyumba ni yako. Wewe uliichimba, mimi nililala humo tu."

Bi Mhanga akaingia. Paru! paru! paru! Nyegere akatoa udongo. Fuko akaonyesha penye baridi zaidi. Paru! paru! Kisha, tiii... tiririri... bwaaa! Maji yakaja na tope lake, yakaja na kelele zake. Wa kwanza kunywa alikuwa mtoto wa Bi Mhanga. Alikunywa, akapiga chafya, akanywa tena, na mama yake akamtazama mpaka akashiba.

Jioni ile magome yote yakatolewa mwisho wa pango, yakapangwa mlangoni, kila mtu ayasome, mikono safi au michafu. Bibi Nungunungu akang'oa mwiba akaandika gome jipya, akilisoma kwa sauti kubwa, yeye aliyezoea kunyamazisha watu: "Fuko alihisi baridi. Nyegere alichimba kumi na moja. Bi Mhanga alichimba tisa, na nyumba ya kichuguu chekundu ni kazi yake. Ngiri alilowa."

"Hilo la mwisho lazima uliandike?" Ngiri akauliza.

"Lazima. Bila matako yako tusingekunywa."

Tangu siku ile, katika nchi ile shimo kavu halifukiwi kabla halijaandikwa. Na wimbo wakaugeuza:

"Shimo kavu, si aibu yangu,
andika, andika, aone mwenzangu."

Watoto, fundisho ni hili: ulichokijaribu kikashindikana nacho ni elimu. Kiweke wazi na jina lako juu yake, mwenzako asipotee pale ulipopotea wewe. Na mwenye kutunza maktaba asikae kulinda mlango tu, aende akawaulize watu wamefukia nini.

Mwanatumu, mbona umeinama? Yale makaratasi ya utafiti wako ulioshindikana, uliyoyasukumia chini ya godoro, mimi nikitandika kitanda nayaona. Chuo kikifunguliwa, yapeleke kwa Bibi Nungunungu wenu wa maktaba.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye maji ya Ngiri. Mwenye kiu akanywe.