Sinia la Merle

Methali isemayo "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" wengi huisema wakiwa wamesimama wima, mikono kiunoni, wakimwambia mtu mwingine. Maana yake si ngumu. Kitu unachokitaka kikiwa chini, hakitapanda kukufuata, utashuka wewe. Ugumu uko mgongoni. Kuna mgongo unaokataa kupinda kwa maradhi, na kuna unaokataa kwa kiburi. Athol Pybus, mkulima wa viazi wa Kelsall, alikuwa na yote miwili.

Kelsall ni kijiji cha vilimani, kaskazini mwa Tasmania, kisiwa cha Australia, chenye udongo mwekundu kama hina. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi watu wake hukusanyika ukumbini, kila nyumba na chakula chake, na chakula hicho hufuata nyumba kama jina la ukoo. Una Tregenza huleta paja la nguruwe. Akina Stubbings huleta keki nyeupe ya ute wa mayai. Nyumba ya Pybus huleta sinia la mboga mbichi lililopangwa likawa mti wa Krismasi: brokoli ndiyo majani, seleri shina, karoti na figili mapambo, nyanya ndogo taa, na kileleni nyota ya pilipili hoho ya manjano. Watoto ambao nyumbani hawagusi mboga hata kwa viboko, hapo huigombea nyota ile kama peremende. Sharti ni moja, nalo halikuandikwa popote: mboga zitoke katika udongo wa Kelsall. Mtu wa Kelsall kununua mboga mjini ni kama mfugaji kununua maziwa ya unga.

Sinia lile lilikuwa la Merle, mkewe Athol. Merle alifariki wakati wa baridi. Ardhi ilipoanza kupata joto, Athol aliwasha trekta, akaigeuza bustani ya marehemu iliyokuwa nyuma ya jiko, akapanda viazi. Binti yake Coralie, anayekaa ng'ambo ya barabara, alikuwa amemsihi angoje walau ahamishe mizizi ya asparaga za mama yake, mboga inayochipua yenyewe kila mwaka. Athol alimjibu neno moja tu, "Hayo ni majani tu, mwanangu," na jembe la trekta likapita. Tangu siku hiyo Coralie alipita langoni kwa baba yake kama anayepita nyumba isiyo na watu.

Desemba ikaingia. Una, mkuu wa kamati ya ukumbi, akapiga simu.

"Athol, nimemwomba Coralie sinia. Kaniambia niende nikamwombe aliyelima bustani. Sasa baba, kama hamleti, pale mahali pa Merle pa mbele nitaweka paja langu. Meza haikai na pengo."

"Nani kasema hatuleti?" Athol akang'aka. "Naleta mwenyewe."

"Wewe? Wewe hata chai—"

"Naleta, Una!"

Akakata simu. Alijua jambo ambalo Una hakulisema: chakula kikishatoka mezani mwaka mmoja, hakirudi. Na jina la aliyekuwa akikileta hutoka nacho.

Asubuhi ya sherehe alidamkia mjini, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi kama mwizi wa kuku, akanunua kila kitu. Alirudi akachemsha brokoli kama alivyozoea kuchemsha viazi, mpaka uma ulipoingia wenyewe. Alipozipanga kwenye sinia kubwa la Merle zililala chini, rangi ya kijani imekimbia, maji yakichuruzika kati ya karoti. Nyota ilitumbukia katikati.

Nev Stubbings, jirani na mtani wake wa miaka mingi, aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Akalizunguka sinia kama mtu anayekagua gari lililopinduka.

"Ndugu yangu, huu ni mti au ajali? Kuna majeruhi?"

"Toka, Nev."

"Na hizi karoti zina karatasi ya duka! Athol! Baba yako angefufuka akakuchapa." Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti. "Sikia, mzee mwenzangu. Brokoli nzuri kuliko zote kijijini ziko hapo ng'ambo. Unaziona dirishani kila siku."

"Hataniuzia."

"Nani kasema kununua?"

Nev alipoondoka, Athol alibaki ameegemea sinki, akitazama kupitia dirisha mistari ya viazi mahali palipokuwa na bustani. Akavaa suruali yake ya sherehe, akavuka barabara.

Coralie alikuwa akimwagilia maji. Hakugeuka.

"Nimekuja kununua mboga," Athol alisema akiwa langoni, kifua mbele.

"Siuzi."

"Basi nipe."

"Nikupe nini, Baba? Majani?"

Neno lile lilirudi kwake kama kofi. Alitaka kugeuka aende zake. Mguu mmoja ulikwisha anza. Lakini aliliona lile sinia lililoharibika akilini, na paja la nguruwe la Una limekaa mahali pa Merle, likimeremeta mafuta. Mguu ukarudi.

"Karoti," akasema kwa sauti ya chini.

Coralie akaelekeza kidole mwisho wa bustani. "Zile kule. Ukizitaka, ng'oa. Mimi nina kazi."

Athol alikuwa mtu wa mashine. Viazi vyake hutolewa ardhini na chuma, yeye akiwa juu ya kiti. Alisimama juu ya tuta, akanyoosha mkono, akavuta. Majani yakamkatikia mkononi, karoti ikabaki. Akavuta nyingine. Majani. Ya tatu ilimbakishia shada la kijani kama bwana harusi aliyeachwa kanisani. Alimsikia Coralie nyuma yake amezima maji. Hakucheka. Alikuwa anangoja tu.

Mzee akashika kigingi, akajishusha. Goti la kwanza lililia, la pili likafuata, suruali ya sherehe ikazama katika udongo mwekundu. Akaingiza vidole ardhini na kuulegeza udongo. Karoti ikatoka nzima.

Akiwa huko chini ndipo alipoona kitu ambacho mtu aliyesimama hawezi kukiona. Nyuma ya majani ya karoti kulikuwa na mashina membamba ya asparaga, laini kama manyoya, yamefungwa kwenye vijiti kwa kamba ya buluu ya kufungia majani ya ng'ombe, kwa lile fundo la Merle la kuzungusha mara mbili. Coralie alifunga kama mama yake.

"Hizi ni za mama yako?"

"Ndizo zilizopona. Niliziokota kwenye matuta yako, nikazibeba kwa gunia la mbolea. Nyingine zilikuwa zimekatika."

Athol aliigeuza karoti mkononi. Aliposema, alikuwa anauambia udongo.

"Sikuilima kwa sababu ya viazi, Coralie. Kila nikisimama kwenye sinki nilikuwa namwona ameinama pale. Kila siku. Nikadhani bustani ikifutika nitapumua." Akafuta pua kwa mkono wenye udongo. "Nimekukosea, mwanangu. Na yeye nimemkosea. Na kupumua bado sijapumua."

Maji yalidondoka kwenye mpira wa bustani, tone kwa tone. Kisha Coralie akaja, akapiga magoti upande wa pili wa tuta.

"Shika shingo ya karoti, usishike majani," akasema. "Na hizo brokoli usizichemshe, umenisikia? Zinatumbukizwa tu kwenye maji ya moto, halafu barafu. Harufu ya zile zako imefika mpaka huku."

"Nev kakwambia?"

"Pua imeniambia."

Waliingia ukumbini wamechelewa, sinia kati yao, barafu chini yake, mti umesimama wa kijani kibichi, wote kutoka bustani ya Coralie, na nyota iko kileleni. Watu walisogeza vyombo. Una mwenyewe aliliondoa paja lake pale mbele. Ndipo macho yake yakashuka kwenye suruali ya Athol, ile nzuri, yenye madoa mawili mekundu magotini.

"Mungu wangu, Athol! Umeanguka?"

"Sijaanguka, Una," akasema. "Nimeinama."

Coralie alikuwa amekwisha anza kuwagawia watoto karoti. Hakuinua uso, ila alisema kwa sauti ya kusikika, "Krismasi nitakuja kwako, Baba. Mboga ntaleta mimi. Viazi vyako vipike mwenyewe, maana hivyo ndivyo unavyoweza."

Nev akacheka mpaka akakohoa. Athol hakucheka; alisimama pale mbele, mahali pa mkewe, akavuta pumzi, ikaingia hadi chini kabisa. Wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.