Mla Pilau Hafungui Boneti

Mla pilau hafungui boneti.

Mmelisikia leo likitoka kwa Mama Kupaza pale mkutanoni. Watu wazima wakacheka kidogo, kisha wakainamisha vichwa, nanyi mmekuja kwangu na maboksi yenu ya chakula mkononi kuniuliza boneti imeingiaje kwenye habari za mwekezaji wa kokoto. Kaeni. Neno hili halikutoka kwa mababu wa kale. Umri wake ni mdogo kuliko wangu, na waliolizaa niliwajua kwa majina. Lilizaliwa hivi.

Miaka ile hapa Kwembago hapakuwa na gari hata moja. Barabara ilikuwa hiihii, inayolimwa kwa midomo kila uchaguzi. Msiniambie nisahau. Kukumbuka ndiyo kazi niliyojipa tangu uzee uliponinyima nyingine. Pale Kizanda, panapogeuka tope jekundu wakati wa masika, Bi Nasiye alifia kwenye machela, mabegani mwa wanaume waliokuwa wakiteleza, akipelekwa kujifungua. Lori tulilomkodia lilikuwa limekwama hatua chache mbele yake. Mtoto alizikwa pamoja naye. Wakubwa walileta rambirambi na mchele.

Baada ya matanga tukasema basi. Tukachanga: mwenye kahawa, mwenye kabichi, mwenye mbuzi. Tununue gari letu wenyewe la kupeleka wazazi na wagonjwa hospitali. Na si gari lolote tu. Tulitaka lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, ya mbele na ya nyuma, maana Kizanda ukitegemea ya nyuma peke yake, yanakuchimbia kaburi.

Michango ilipotimia, mke wangu Mwashamba alikuwa na mimba kubwa. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa mlimani, na kila nilipoyatazama nilihesabu tena siku zake za kujifungua. Mwashamba mwenyewe alikuwa akitoka nje, anatazama juu, anarudi ndani.

Ndipo tukasikia kuna mzee Muheza, Mzee Mbaruku, mstaafu, anauza gari la familia yake. Watoto wamekua, wamehama, hana wa kumpakia. Tulituma watu watatu. Wa kwanza Mzee Kilua, mwenyekiti wetu. Wa pili Hoza, aliyewahi kuendesha malori ya mkonge, anayejua gari kama unavyojua viganja vyako. Wa tatu Bi Mwantumu, mama mkwe wangu, kwa sababu wanawake walisema waziwazi: wanaozaa ni sisi, asipokwenda mwenzetu hata senti haitoki. Mimi nilibaki na mke wangu. Yaliyotokea Muheza alinisimulia mkwe wangu, na Hoza akayathibitisha, akiwa anatazama chini.

Walifika wakakuta gari limesimama uani. Refu, la kijani, viti saba, na rangi yake inang'aa hata ungeweza kujifunga kilemba ukijitazama mlangoni. Viti vimevikwa vitambaa vya kufuma, kazi ya mke wa Mzee Mbaruku. Hakuna mkwaruzo. Hakuna kutu. Hoza akapiga mluzi.

"Karibuni, karibuni wageni wangu," alisema Mzee Mbaruku. "Gari halikimbii. Kwanza tumbo."

Wakaingia ndani. Ikaletwa sinia ya pilau, nyama imelala juu yake kama imechoka, na kachumbari, na ndizi mbivu. Watu waliotoka mlimani alfajiri, nani angekataa?

Bi Mwantumu alikataa. Si kwa ujanja. Ramadhani iliyopita aliugua akala, na siku ile alikuwa analipa funga yake.

"Mungu akupokelee, dada," alisema mke wa mwenye nyumba, akampa mkeka akae barazani, karibu na gari.

Basi akakaa pale, njaa inamuuma, harufu ya pilau inamjia puani, na mbele yake lile gari. Nyuma ya gari, mbali, aliiona milima yetu. Ilikuwa imefunikwa. Nyeusi ti. Akajua huko juu mvua inanyesha, na mwanawe yuko chini yake.

Wanaume wakatoka wakichokonoa meno. Sasa angalieni jinsi gari lilivyokaguliwa. Mzee Kilua alilizunguka mara moja, akalipapasa ubavuni kama mtu anayempapasa ng'ombe wa shemeji yake, akasema, "Mashallah." Hoza akaketi kwenye usukani, akaliwasha, akasikiliza.

"Linakoroma kama paka aliyeshiba," akasema, akalizima.

"Sitaki kuwaharakisha," alisema Mzee Mbaruku, "ila kuna mtu wa Tanga anakuja baada ya alasiri. Naye analitaka."

Mzee Kilua mkono ukaanza kwenda mfukoni.

Bi Mwantumu akamvuta Hoza shati. "Wewe baba, mbona hujafungua boneti?"

"Shemeji, sema polepole."

"Nakuuliza. Kule kwetu ukinunua hata baiskeli kuukuu unaipindua juu chini. Umeletwa hapa kufanya nini?"

"Shemeji, tumekula kwa mtu." Hoza alimnong'oneza huku akimchekea mwenye nyumba kwa mbali. "Mikono yangu bado inanukia pilau yake, niitie kwenye injini yake nimtafute uongo? Si nitakuwa nimemwita mwizi nyumbani kwake?"

Msimcheke Hoza. Ndivyo tulivyolelewa, na nanyi ndivyo mlivyolelewa. Ukishakula kwa mtu hutafuti kasoro kwenye kitu chake. Wali wake umo tumboni mwako, utamsema kwa mdomo upi? Adabu nzuri hii. Na wanaotaka kutuuzia vitu wanaijua kuliko sisi.

"Mwenyekiti," Bi Mwantumu akamgeukia Mzee Kilua, "liangalieni kwanza."

"Mwantumu, utatuaibisha. Yule wa Tanga akilichukua, mwanao tutambeba kwa kitu gani? Kwa adabu yako ya kupekua?"

Hapo ndipo alipomshika, maana alimtisha kwa kile kile alichokuwa akikiogopa. Bi Mwantumu akisema, gari linaweza kuondoka, na mwanawe atabebwa kwa machela. Akinyamaza, gari litakuja, na hajui ni gari gani. Aliitazama milima tena. Kisha akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Nyinyi ndio mliokula," akasema, safari hii kwa sauti. "Mimi sijala. Nitafungua mimi."

Akaenda akaishika boneti, akavuta. Haikufunguka. Hakujua inafunguliwaje. Akavuta tena. Mzee Kilua akajifunika uso kwa kofia yake. Mwishowe Mzee Mbaruku mwenyewe akaja, akavuta kitu ndani, akainyanyua.

Injini safi kama sufuria ya bibi harusi.

"Umeridhika sasa?" aliuliza Mzee Kilua.

Bi Mwantumu aliitazama ile injini, na haki ya Mungu hakuelewa kitu hata kimoja. Angeweza kuomba radhi hapo, mambo yakaisha. Lakini hakwenda Muheza kununua injini safi. Alikwenda kununua cha kuvukia Kizanda.

"Bado," akasema. "Nataka kuliona kwenye tope."

Mzee Mbaruku akautazama mnara wa msikiti, kama anayeuliza alasiri imefika wapi.

"Litachafuka," akasema.

"Nitaliosha mwenyewe."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kisima na birika la kunyweshea ng'ombe, na tope lake lilikuwa tope kweli. Hoza akaliingiza gari. Likazama, likakwama. Akavuta kile kijiti kidogo kando ya gia, kinachoamsha magurudumu ya mbele, akakanyaga mafuta. Injini ikalia, tope likaruka. Bi Mwantumu alikuwa amesimama mbele, kanga yake yote imegeuka rangi, macho yako chini.

"Hoza! Yanazunguka ya nyuma tu!"

"Haiwezekani, nimeshavuta!"

"Njoo utazame!"

Jirani mmoja aliyekuja kutazama akakaa usukanini akakanyaga, Hoza akashuka kutazama. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanachimba kama panya. Ya mbele yalikuwa yametulia tuli, kama mawe ya kuinjikia chungu. Ndipo Hoza alipolala chali kwenye tope, yeye na shati lake la kwendea mjini, akatazama chini ya tumbo la gari. Aliponyanyuka hakumtazama mtu.

"Propela ya mbele haipo," akasema. Hicho ni chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Bila hicho, lile lilikuwa gari zuri la kwendea harusini.

Angalieni basi: kasoro yenyewe haikuwa hata ndani ya boneti. Lakini anayeona haya kufungua boneti, atalala chini ya gari lini?

Mzee Mbaruku akavua miwani, akaifuta.

"Niliitoa zamani," akasema. "Ilikuwa inavuma, mke wangu hapendi kelele, na mjini hapa haina kazi. Ninayo stoo, nimeipaka grisi na kuifunga gunia. Nilikuwa nangoja muulize."

"Na tusingeuliza?" alisema Bi Mwantumu.

Mzee yule namheshimu mpaka leo kwa jibu lake.

"Nisingesema, dada."

Mtu wa Tanga hakuja. Sijui hata kama alikuwepo. Propela ikatolewa kwenye gunia, akaitwa fundi, Hoza mwenyewe akashika spana, na gari likarudishwa topeni likatoka lenyewe kama bata. Jua likazama wakiwa bado pale. Mke wa mwenye nyumba akamletea Bi Mwantumu maji na tende, kisha, kwa haya, sahani ya pilau iliyobaki.

"Lete," alisema mkwe wangu, akakunja mkono wa gauni. "Sasa nitakula. Nimeshakagua."

Siku Mwashamba aliposhikwa na uchungu, mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi yake. Hoza alikuwa usukanini, na Kizanda ilikuwa uji. Gari likateleza, likasita, nikamsikia mke wangu akiacha kulia ili asikilize. Nami nilisikiliza. Kisha magurudumu ya mbele yakashika, yakatuvuta. Tulishuka mimi naye, tukarudi na mtoto. Mtoto huyo ndiye mama yako, Chonge, wewe unayekula huku unanisikiliza.

Hoza ndiye aliyelisema neno lile kwanza. Kwenye mkutano wa kijiji waliulizwa gari lilikaguliwaje, Mzee Kilua akaanza kuzunguka maneno, Hoza akasimama akasema, "Mwenyekiti, tusidanganye watu. Mla pilau hafungui boneti." Tangu hapo likakaa.

Leo mwekezaji amewaonyesha picha za shule na zahanati, zinang'aa kuliko lile gari. Kabla hamjauliza chemchemi yetu itapita wapi mlima ukishapasuliwa, maboksi yakagawiwa. Nani aliuliza? Nilihesabu vijiko tu. Aliyetaka kuuliza, Mama Kupaza, ndiye ambaye hakupewa boksi, na watu wakamcheka.

Unasemaje, Chonge? Kesho kwenye mkutano wa kutia sahihi msile?

Kuleni, mjukuu wangu. Pilau haina kosa. Lakini mwambieni kwanza apande nanyi mpaka chemchemini, asimame kwenye tope, mtazame magurudumu yake ya mbele: awaonyeshe maji yatapita wapi. Akishuka salama, nami nitakuja kula. Akikataa kupanda, mrudishieni boksi lake likiwa limefungwa, maana mla pilau hafungui boneti.