Jiwe Chini ya Ukuta

Kulikuwa na baba mmoja, kitambi kinamtangulia kama king'ora cha msafara wa mkubwa, aliyealikwa kurudi kambini alikofunzwa uaskari ujanani. Akaenda na mkewe, amwonyeshe ukuta.

Ah, huo ukuta! Nyumbani kwao hata paka alikuwa amekariri hadithi yake. Mvua inamwagika, tope limeziba macho, yeye kuruta ananing'inia kwenye kamba, afande anamtukana mpaka matusi yanamwishia, anaazima ya jirani. Ndipo mguu ukagusa jiwe. Akalikanyaga, likamnyanyua, akapaa, akavuka. Peke yake!

Na afande yule? Sasa mzee, yuko hoi hospitali ya wilaya, anaulizia vijana wake. Njia nzima mke alisihi, "Baba watoto, tupite tumpe pole."

"Yule? Nimpe pole ya kunitesa? Afadhali nikalisalimie lile jiwe!"

Wakafika. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko hadithi yake, jambo la nadra, ndugu zangu! Akauzunguka, akainama, akapapasa. Mchanga mtupu.

"Baba watoto, jiwe liko wapi?"

"Wamelihamisha hawa!"

Mara makuruta wakaja mbio. Mmoja akakwama katikati ya kamba, anatapatapa, macho juu. Afande wao akafoka, "Panda, gunia la mihogo wewe!" Na huku anafoka, akaingia chini yake, akapiga goti, akainamisha mgongo. Buti likatua begani. Afande akauma meno, akasimama polepole, akamwinua. Kijana akavuka akishangilia. Chini hakutazama.

Baba yule akavua kofia. 

"Mke wangu," akanong'ona, "lile jiwe lilinyanyuka. Nimesimulia miaka yote, sijawahi kujiuliza ni jiwe gani hunyanyuka."

Kisha akasema, "Twende hospitali."

Na sisi je? Si ndio sisi tunaoshika kipaza sauti hapa: nilijisomesha, nilijitibu, nilijitoa shimoni? Hivyo? Ni jiwe gani hunyanyuka, ndugu yangu? Kuna aliyekupigia goti, labda akiwa na mdomo mchafu. Na chini yake yeye, kuna Mungu aliyeinama kuliko wote.

Leo ibada ikiisha usije kunishika mkono mimi. Saa za kuona wagonjwa bado hazijaisha.